Kadi ya Dola 300: Ibaki au Ifungwe?

Kwenye vituo vingi vya mafuta Marekani dereva hupitisha kadi kabla ya kujaza tangi, na mashine haijui atajaza kiasi gani. Kwa hiyo inazuia fedha kwanza. Tangu 2022 Visa na Mastercard zinaruhusu kituo kuzuia hadi dola 175 kwa muda, hata kama mteja atatia mafuta ya dola 30 tu. Mwenye kikomo cha dola 10,000 hahisi lolote. Mwenye kikomo cha dola 300 amebakiwa na dola 125, na zuio likichelewa kuondolewa, jioni ile ile kadi yake inaweza kukataliwa dukani watu wakitazama, ilhali hadaiwi karibu chochote.

Hizo dola 300 hazikubuniwa kwa ajili ya mfano. Ndicho kikomo cha chini kwa baadhi ya kadi za tuzo wanazopewa watu wenye historia fupi ya mikopo. QuicksilverOne ya Capital One humrudishia mteja asilimia 1.5 ya kila anachonunua na kumtoza ada ya dola 39 kwa mwaka. Discover ina kadi ya dhamana: mteja anaweka amana kuanzia dola 200, amana hiyo inakuwa kikomo chake, hakuna ada ya mwaka, na bado anarudishiwa asilimia 2 kwenye mafuta na migahawa hadi matumizi ya dola 1,000 kwa robo mwaka, na asilimia 1 kwingineko. Wahamiaji wengi huanzia kwenye kadi za namna hii: muuguzi msaidizi aliyetoka Kisumu akafika Dallas, dereva wa lori aliyetoka Arusha, familia ya Kikongo iliyopokewa Louisville baada ya miaka ya kambini. Mwaka mmoja au miwili baadaye kadi nyingine nzuri zaidi zinaanza kupatikana, na swali linakuja lenyewe. Hii ndogo ifanywe nini?

Msimamo wa safu hii ni huu: udogo wa kikomo si sababu ya kuifunga kadi, na tuzo si sababu ya kuibakiza. Kwenye kikomo cha dola 300 tuzo ni fedha ndogo mno kuamua jambo lolote. Yanayoamua ni ada, riba, na kazi inayofanywa na kadi hiyo kwenye kumbukumbu za mikopo za mwenyewe.

Kikomo hicho kina asili yake. Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa Fresno, California, kadi 60,000 ambazo hawakuziomba. Kadi ile, BankAmericard, ndiyo iliyopewa jina la Visa mwaka 1976. Vikomo vya siku zile vilikuwa kati ya dola 300 na 500, na dola 300 za 1958 zilinunua vitu ambavyo leo vingegharimu zaidi ya dola 3,000. Familia ya Fresno ilikabidhiwa mkopo wa maana. Leo kiasi hicho hakifikii hata nusu ya tiketi ya ndege ya kwenda Nairobi na kurudi. Tarakimu imebaki ile ile, lakini matumizi yake yamebadilika: dola 300 sasa ni muda wa majaribio, njia ya benki kumtazama mtu isiyemjua bila kuhatarisha kingi.

Sheria nayo ina mkono wake. Tangu sheria ya CARD ya 2009, benki haiwezi kufungua akaunti ya kadi ya mkopo wala kuongeza kikomo bila kuzingatia uwezo wa mteja kulipa. Ndiyo maana kila ombi linauliza mapato. Kanuni ilirekebishwa 2013 ili aliyetimiza miaka 21 aruhusiwe kuandika pia mapato ya nyumbani ambayo ana uhakika wa kuyafikia, hata kama hakuyachuma yeye. Mama anayelea watoto Columbus huku mumewe akiwa kazini halazimiki kuandika sifuri. Jambo hilo moja linaweza kuwa tofauti kati ya kikomo cha dola 300 na cha dola 1,500, na wengi huliacha lipite kwa kudhani kwamba kuandika hivyo ni udanganyifu.

Kinachowaumiza wageni zaidi ni mazoea waliyokuja nayo. Mkenya aliyekopa kwa simu kwenye M-Shwari, iliyoanza 2012, au aliyetegemea Fuliza, iliyoanza 2019, anajua limiti kama kiasi ulichoruhusiwa kukitumia chote: ukikopa na kulipa vizuri, kesho unaongezewa. Akifika Marekani anatumia dola 280 kati ya 300, analipa zote kabla ya tarehe ya mwisho, kisha anashangaa alama zake za mkopo zimeshuka. Kulipa amelipa vizuri. Kilichomshusha ni picha iliyopigwa kabla hajalipa.

Alama za FICO, zilizoanza kutumika 1989 na zinazokwenda kutoka 300 hadi 850, hupima mambo matano. Historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35, kiasi kinachodaiwa 30, umri wa historia 15, maombi mapya 10 na mchanganyiko wa mikopo 10. Ndani ya ile 30 umo uwiano wa deni na kikomo, kwa kila kadi peke yake na kwa kadi zote pamoja. Benki hupeleka salio kwa kampuni tatu za kumbukumbu za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, mara moja kwa mwezi, na kwa kawaida ni lile la siku ya kufunga taarifa ya mwezi. Siku hiyo inatangulia tarehe ya mwisho ya kulipa. Sheria inataka mteja apewe angalau siku 21 katikati. Kwa hiyo dola 280 za mfano wetu zimeshaandikwa kuwa asilimia 93 ya kikomo hata kabla mwenyewe hajafungua bahasha.

Ushauri unaosikika kila mahali ni kubaki chini ya asilimia 30, na wenye alama za juu kabisa kwa kawaida hukaa chini ya 10. Kwa kikomo cha dola 300, asilimia 30 ni dola 90. Mifuko miwili ya bidhaa za dukani inazimaliza. Dawa ipo na haina gharama: kulipa siku mbili tatu kabla ya taarifa kufungwa, au kulipa mara mbili kwa mwezi, ili salio linaloandikwa liwe dogo. Kwa mifumo ya alama iliyozoeleka, mwezi mmoja wenye salio kubwa hausahihishwi kwa lolote zaidi ya mwezi unaofuata wenye salio dogo. Mifumo mipya kama FICO 10T na VantageScore 4.0 inaangalia pia mwenendo wa hadi miezi 24, kwa hiyo tabia ya kujaza kadi kila mwezi itazidi kuonekana kadiri mabenki yanavyohamia huko.

Sasa hesabu ya tuzo, na hapa ndipo matangazo huficha mengi. Mwenye kadi ya asilimia 1.5 na kikomo cha dola 300, akifuata ushauri wa kutozidi dola 90 kwa mwezi, atatumia dola 1,080 kwa mwaka. Tuzo yake ni dola 16.20. Ada ni dola 39. Amelipa dola 22.80 ili aitwe mteja wa tuzo. Ili ada irudi tu, bila faida hata senti, anahitaji kupitisha dola 2,600 kwa mwaka, yaani karibu dola 217 kila mwezi, ambazo ni asilimia 72 ya kikomo chake. Anaweza kufanya hivyo bila kuharibu alama iwapo analipa katikati ya mwezi. Lakini hiyo ni kazi, na malipo ya kazi hiyo ni sifuri. Wakati huo huo ziko kadi zisizo na ada, kama Double Cash ya Citi na Active Cash ya Wells Fargo, zinazorudisha asilimia 2. Mtu ambaye alama zake zimepanda kiasi cha kupewa moja ya hizo hana sababu ya kihesabu ya kuendelea kulipia asilimia 1.5.

Kadi isiyo na ada ni habari nyingine. Ile ya dhamana ya dola 200 haitamtajirisha mtu, lakini haimli. Kitu pekee inachokishikilia ni amana, na Discover huanza kuzipitia akaunti kuanzia mwezi wa saba tangu zifunguliwe kuona kama mteja anastahili kurudishiwa amana yake na kuendelea na kadi ya kawaida. Anayefikiria kufunga kadi kama hiyo mwezi wa tano afanye subira kidogo.

Tuzo zenyewe zinatoka wapi? Swali hili lina uzito, kwa sababu linaonyesha ni nani anayenufaika. Muuzaji akipokea kadi ya mkopo Marekani, hukatwa ada inayozunguka asilimia 2 na zaidi, na sehemu kubwa ya ada hiyo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Bunge liliingilia ada za kadi za benki, zile zinazotoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti, kupitia kipengele cha Seneta Dick Durbin katika sheria ya Dodd-Frank ya 2010. Kadi za mkopo hazikuguswa. Umoja wa Ulaya ulifanya zaidi: tangu 2015 sehemu inayokwenda kwa benki haizidi asilimia 0.3 ya manunuzi ya kadi ya mkopo, na hiyo ndiyo sababu kubwa Mswahili anayeishi Hamburg hapati matangazo ya tuzo nono kama ndugu yake wa Houston. Muuzaji wa Marekani huingiza ada ile kwenye bei ya bidhaa, na bei hiyo wanailipa wote, pamoja na anayelipa kwa noti. Watafiti wa benki kuu tawi la Boston, Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins, walikadiria 2010 kwamba kaya inayolipa taslimu ilikuwa ikitoa wastani wa dola 149 kwa mwaka kwa ajili ya kaya zinazotumia kadi, na kaya ya kadi ilipokea dola 1,133.

Chanzo cha pili ni riba, na hicho kinamhusu mwenye kadi ndogo moja kwa moja. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi ya Marquette kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa na jimbo ambamo benki yenyewe imesajiliwa. Citibank ilihamishia biashara yake ya kadi Sioux Falls, South Dakota, ambako ukomo wa riba ulikuwa umeondolewa, Delaware ikafuata, na tangu hapo vikomo vya riba vya majimbo vimebaki na nguvu ndogo mbele ya kadi za mabenki makubwa. Wastani wa riba ya kadi umezidi asilimia 20 tangu 2023, na kadi za wanaoanza mara nyingi ziko karibu na 30.

Hesabu yake ni fupi. Salio la dola 300 kwa riba ya asilimia 29 huzaa dola 7.25 kwa mwezi. Tuzo ya kununua vitu vya dola 300 kwa asilimia 1.5 ni dola 4.50. Mwezi mmoja tu wa kubeba deni unakula tuzo yote na kuomba nyongeza. Kuchelewa kulipa mara moja kunaweza kuleta faini inayozidi dola 30, karibu tuzo ya miaka miwili ya yule anayetumia dola 90 kwa mwezi, na kuchelewa kukifika siku 30 kunaandikwa kwenye kumbukumbu na kukaa huko miaka saba. Watafiti Sumit Agarwal, Andrea Presbitero, André Silva na Carlo Wix, katika kazi iliyotolewa na benki kuu ya Marekani 2023, walikadiria kwamba kadi za tuzo huhamisha dola bilioni 15.1 kila mwaka kutoka kwa watumiaji wasio wazoefu kwenda kwa wazoefu. Waliwapima kwa alama za mkopo badala ya mapato, na wakaona fedha zinatoka kwa wenye alama za chini kwenda kwa wenye alama za juu. Mgeni mwenye kikomo cha dola 300 anaingia kwenye mchezo huu akiwa upande unaotoa. Akilipa salio lote kila mwezi anavuka upande wa pili siku hiyo hiyo, na hakuna tuzo inayoweza kumfanyia hivyo kwa niaba yake.

Kwa hiyo anayebeba deni kwenye kadi hii asianze na swali la kuibakiza au kuifunga. Alipe kwanza. Kufunga kadi yenye salio hakufuti deni wala riba.

Tuseme deni halipo. Kufunga kunadhuru kiasi gani? Watu wengi huogopa kuliko inavyostahili, na hofu hiyo inawafanya walipe ada mwaka baada ya mwaka. Chukua mtu mwenye kadi mbili, moja ya dola 300 na nyingine ya dola 9,700, na salio la dola 1,000 kwenye ile kubwa. Uwiano wake kwa jumla ni asilimia 10. Akifunga ile ndogo unakuwa 10.3. Hakuna mkopeshaji atakayeiona tofauti hiyo. Mwingine ana kadi ya dola 300 na nyingine ya dola 700, na salio la dola 250. Uwiano wake ni asilimia 25. Akifunga ile ndogo unaruka hadi karibu 36. Huyu wa pili ana sababu ya kungoja hadi kadi yake nyingine iongezwe kikomo. Ukubwa wa kadi nyingine ndio unaopima thamani ya ile ndogo.

Kuna pia imani kwamba ukifunga kadi ya kwanza unapoteza umri wa historia yako papo hapo. Sivyo FICO inavyofanya kazi. Akaunti iliyofungwa bila dosari hubaki kwenye kumbukumbu kwa hadi miaka 10, na FICO inaendelea kuuhesabu umri wake muda wote huo. VantageScore inaweza kuitenda tofauti, kwa hiyo mtu anayeangalia alama zake kwenye programu ya bure ya simu anaweza kuona mshuko ambao benki ya mkopo wa nyumba haiuoni. Pamoja na hayo, aliye na kadi moja tu asiifunge. Akibaki bila akaunti yoyote inayotumika, baada ya muda mifumo haitakuwa na kitu cha kupima. Na anayetarajia kuomba mkopo wa nyumba au wa gari katika miezi michache ijayo aache kila kitu kama kilivyo hadi asaini.

Kabla ya kufunga kuna mlango ambao haugongwi vya kutosha. Benki nyingi hukubali kubadilisha aina ya kadi ndani ya akaunti ile ile: ile ya ada ya dola 39 inageuzwa kuwa isiyo na ada, tarehe ya kufunguliwa inabaki, na kwa kawaida hakuna ukaguzi mpya wa kumbukumbu. Baadhi ya mabenki, kama Chase na American Express, huruhusu pia kuhamisha kikomo kutoka kadi moja ya mteja kwenda nyingine. Simu moja kwa huduma kwa wateja inatosha, na ombi linaweza kuwa wazi kabisa: silipi tena ada, nina chaguo gani ndani ya akaunti hii? Jibu likiwa hakuna, angalau sasa anafunga akijua.

Mlango wa pili ni kuomba kikomo kiongezwe. Mshahara ukipanda, au mtu akitoka kwenye zamu za muda na kuingia kazi ya kudumu, asasishe mapato yake kwenye akaunti kisha aombe. Aulize kwanza aina ya ukaguzi. Mwepesi hauathiri alama. Ule mzito hukaa kwenye kumbukumbu miaka miwili, ingawa FICO huuhesabu kwa miezi 12 tu. Benki ikikataa, sheria inataka mteja apewe sababu kwa maandishi, na barua hiyo isomwe kwa makini, kwa kuwa mara nyingi inataja jambo mahususi: salio kubwa mno, historia fupi mno, malipo madogo mno ukilinganisha na matumizi.

Lakini kikomo kikubwa si zawadi kwa kila mtu. David Gross na Nicholas Souleles, katika utafiti uliochapishwa 2002, walifuatilia akaunti za kadi na kuona kwamba kila kikomo kilipopanda, deni nalo lilipanda: kati ya senti 10 na 14 kwa kila dola iliyoongezwa, hata kwa watu ambao hawakuwa wamekaribia kikomo cha awali. Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT walionyesha 2001 kwamba wanafunzi walioambiwa watalipia tiketi za mchezo wa Boston Celtics kwa kadi walikuwa tayari kutoa zaidi ya mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Mtu anayejijua kuwa mkono wake mwepesi anaweza kubaki na dola 300 kwa makusudi, na huo ni uamuzi wa mtu mzima unaostahili kuheshimiwa, hata na benki yake inapomtumia ujumbe wa kumpongeza kwa kikomo kipya ambacho hakukiomba.

Jambo linalowagusa Waswahili wa Marekani kuliko wengine ni kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.95, na Marekani ndiyo iliyoongoza. Kuanzia Januari 1, 2026, Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje zikilipiwa kwa noti, hundi ya benki au hati nyingine kama hizo. Malipo ya kadi ya mkopo au ya benki iliyotolewa Marekani hayaguswi. Wapo watakaoona hapo nafasi ya kuitumia kadi ya tuzo kutuma pesa kwa M-Pesa ya mama. Waangalie masharti kwanza. Benki nyingi huhesabu malipo hayo kuwa mkopo wa fedha taslimu: ada ya asilimia 5 au dola 10, iliyo kubwa kati ya hizo, riba inayoanza siku hiyo hiyo bila siku za neema, tuzo hakuna, na kikomo chake ni sehemu tu ya kikomo cha kadi. Anayetuma dola 200 anakimbia kodi ya dola 2 na kulipa dola 10. Kadi ya benki ya kawaida inakwepa kodi hiyo hiyo bila ada ile ya mkopo.

Hata hivyo kadi ndogo inaweza kuwa na kazi kwenye safari ya nyumbani. Kadi nyingi za Marekani hukata karibu asilimia 3 kwa manunuzi ya nje ya nchi. Za Capital One hazikati. Mwenye kadi kubwa inayotoza asilimia 3 na ndogo isiyotoza ataokoa dola 9 kwenye bili ya hoteli ya dola 300 kule Mji Mkongwe, akikumbuka kwamba bili hiyo inamaliza kikomo chake chote na kwamba hoteli inaweza kuzuia zaidi ya bili. Kazi nyingine nzuri kwa kadi isiyo na ada ni kulipia huduma moja ndogo ya kila mwezi, simu au filamu, ikiwa imeunganishwa na malipo ya moja kwa moja kutoka benki. Kadi isiyotumika kabisa inaweza kufungwa na benki yenyewe bila taarifa ya mapema, na mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, mabenki mengi yalifunga akaunti na kupunguza vikomo kwa haraka.

Kinachobaki ni ile kadi yenye ada ambayo benki imekataa kuibadilisha, mikononi mwa mtu mwenye kadi nyingine nzuri na asiye na mkopo mkubwa njiani. Hiyo ifungwe. Mwenyewe atoe kwanza tuzo zote zilizobaki, kwa kuwa kwenye kadi nyingi hupotea akaunti ikifungwa. Ahamishe malipo ya moja kwa moja, alipe salio hadi sifuri na kusubiri taarifa moja zaidi, kwani riba ya siku za mwisho huweza kutokea baada ya malipo. Ikiwa ada ya mwaka imeshatozwa, apige simu mapema. Benki nyingi huirudisha kwa anayefunga ndani ya wiki chache. Aombe barua ya uthibitisho. Mwezi mmoja au miwili baadaye afungue AnnualCreditReport.com, ambako tangu 2023 kampuni zote tatu zimefanya kuwa jambo la kudumu kutoa kumbukumbu bure kila wiki, na kuangalia kwamba akaunti imeandikwa imefungwa na mwenyewe, salio sifuri. Ikiwa imeandikwa vinginevyo, analalamika kwa maandishi, na kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kuchunguza.